Hesabu ya Zahanati ni Amana

Ifikapo tarehe 7 ya kila mwezi, katika kila halmashauri ya Tanzania Bara, hutarajiwa kwamba zahanati, vituo vya afya na hospitali zote zimekwisha kufikisha wilayani hesabu ya mwezi uliotangulia: wagonjwa wangapi walitibiwa na kwa maradhi gani, akina mama wangapi walijifungua, watoto wangapi walichanjwa, na watu wangapi waliaga dunia. Karatasi nyingine huja kwa pikipiki. Nyingine huja katika mkoba wa muuguzi aliyefika makao makuu kuchukua dawa au kuulizia malimbikizo yake. Nyingine, zitokazo katika visiwa vya delta ya Rufiji, hungoja mashua na maji kujaa. Vipo vituo ambavyo siku hizi huingiza hesabu zao moja kwa moja kwa kompyuta, lakini kwa njia yoyote zitakayofika, hesabu hizo humwishia mtu mmoja, aliyeketi katika chumba ambacho aghalabu ndicho pia ghala ya makaratasi ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Huyo huzisoma, huzilinganisha na za mwezi wa nyuma, na akiona jambo lisilomkalia vizuri huinua simu na kuuliza.

Mtu huyu huitwa mratibu wa MTUHA, na mahali pengine mtakwimu wa afya. Hakuna mgonjwa aliyepata kumshukuru, wala hatujasikia mgeni wa heshima akipelekwa kumtazama akifanya kazi. Viongozi wanapozuru hospitali huonyeshwa wodi mpya, mashine mpya na gari jipya la wagonjwa. Hata hivyo, tunathubutu kusema kwamba dawa ikifika au isifike kijijini, muuguzi wa pili akipangwa au asipangwe katika zahanati, jambo hilo hutegemea kwa kiasi kikubwa kile alichokiona au asichokiona mtumishi huyo katika majedwali yake. Ndiyo maana leo tumeona vyema tumzungumzie.

Mfumo anaoutumikia si wa jana. Halmashauri zetu zilivunjwa mwaka 1972 pale madaraka yalipopelekwa mikoani, zikarudi mwaka 1984 kwa sheria zilizopitishwa mwaka 1982. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao wananchi na watumishi wote wanaujua kwa jina la MTUHA, ulianza kuenezwa nchini mwaka 1993. Kwa muda wa miaka karibu 20 ulikuwa mfumo wa vitabu na kalamu, na hesabu zilipotoka zahanati kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda mkoani na kutoka mkoani kwenda wizarani, zilikuwa zikipanda ngazi tu bila ya kushuka. Mkoa wetu wa Pwani ndio uliotangulia, kuanzia mwaka 2011, kuzijaribu hesabu hizo katika kompyuta, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 utaratibu huo ulikuwa umeenea nchi nzima. Kwa hiyo, watu wa Pwani hatulizungumzi jambo hili kama wageni.

Tena kuna sababu nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Miongoni mwa mifano ambayo wataalamu wa ulimwengu huitaja wanapotaka kuthibitisha kwamba hesabu huokoa maisha, mmoja ulitoka katika mkoa huu huu, katika Wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kibiti. Tunaona haya kidogo kwamba vijana wetu wengi hawausikii kabisa, ilhali watu wa Kanada wameuandikia vitabu.

Habari yenyewe ni hii. Katikati ya miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikisaidiana na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, ilianzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali la mradi lilikuwa jepesi kulitamka: je, halmashauri ikipangiwa fedha kwa kufuata maradhi yanayowaua watu wake hasa, na si kwa kufuata mazoea ya mwaka jana, watu watapungua kufa? Ili kulijibu ilibidi kwanza kujua watu wanakufa kwa nini. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, maana wengi wa waliokufa vijijini walikuwa wakifia majumbani, na kifo cha nyumbani hakiandikwi katika kitabu cha zahanati. Hospitali ilijua vifo vya hospitali tu. Ilikuwa kama mvuvi anayeihesabu bahari kwa samaki walioingia katika dema lake.

Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1998, katika eneo la Rufiji lenye watu wapatao 85,000, wahojaji walianza kuzitembelea nyumba zote, kaya baada ya kaya, mara moja kila miezi minne. Waliuliza nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama na nani amefariki. Palipotokea kifo, muda wa kuwaacha wafiwa watulie ulipopita, alifika mtu aliyefunzwa kazi hiyo, akaketi nao na kuwauliza kwa upole mambo yalivyokwenda: homa ilianza lini, je alikuwa na degedege, je alikuwa akipumua kwa shida, mlimpeleka wapi kwanza na wapi baadaye. Majibu hayo yalisomwa na waganga, nao wakakadiria chanzo cha kifo. Tumetaja jambo hili kwa urefu kwa sababu takwimu zinaposomwa barazani huonekana kavu, na ni rahisi kusahau kwamba kila tarakimu katika orodha hiyo ni mama mmoja aliyekaa mkekani na kumsimulia mgeni kifo cha mwanawe.

Matokeo yalipowekwa kando ya hesabu za matumizi, viongozi wa wilaya walipigwa na butwaa. Katika Morogoro Vijijini ilionekana kwamba malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka yote ya maisha iliyopotea kwa vifo vya mapema, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Maradhi ya watoto, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo na mengineyo ya namna hiyo, yalikuwa yakichukua asilimia 28 ya mzigo huo na kupewa asilimia 13 ya fedha. Hapakuwa na mwizi aliyezila fedha hizo. Zilikuwa zikitumika kihalali, kwa stakabadhi, ila zilikwenda kule zilikozoea kwenda.

Hapa panahitaji uangalifu, na ndipo tunapomtofautisha mchambuzi wa kweli na mtu wa kujumlisha tu. Jedwali hilo hilo lilionyesha kwamba chanjo zilikuwa zikipata fedha nyingi kuliko uzito wa maradhi zinayoyakinga. Mtu wa kujumlisha angesema chanjo zipunguziwe. Mchambuzi hujua kwamba surua, pepopunda na kifaduro vilikuwa vichache kwa sababu chanjo ilikuwapo, na kwamba ukiiondoa, mzigo utarudi. Katika wilaya hizo chanjo haikuguswa. Kilichobadilika ni kwamba zilitengenezwa picha za rangi, nguzo ndefu na nguzo fupi, ambazo mjumbe yeyote wa timu ya afya ya wilaya angeweza kuzitazama na kuona mzigo uko wapi na fedha ziko wapi. Waganga wa zahanati wakafunzwa kumpima mtoto mgonjwa kwa maradhi yote makuu kwa pamoja badala ya kutibu homa peke yake. Vyandarua vyenye dawa vikapewa uzito.

Mradi uliziahidi wilaya nyongeza ya hadi dola 2 za Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Walichoweza kukitumia vizuri kilikuwa kama senti 80 hivi. Katika muda wa miaka mitano vifo vya watoto wadogo katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hatutaki kusema kwamba hesabu peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Vyandarua vilikuwa vikienea na mambo mengine yalikuwa yakibadilika nchini. Lakini watafiti walipozilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambazo waganga wake hawakuwa bado wamepewa mafunzo yale ya kutibu watoto, vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 katika zile zilizopata mafunzo.

Kuna somo jingine la Rufiji ambalo sisi tunalithamini zaidi ya hayo yote. Kwa miaka mingi wakubwa wa mijini walikuwa wakisema kwamba wanavijiji hufiwa na watoto kwa malaria kwa sababu ya ujinga wao, kwamba mtoto akipata degedege hukimbizwa kwa mganga wa kienyeji na kurudishwa maiti. Mahojiano ya wafiwa yalionyesha vingine. Katika vifo vilivyohesabiwa kuwa vya malaria, karibu wanane kati ya kila kumi walikuwa wamepelekwa kwanza kutafuta tiba ya kisasa. Wazazi walikuwa wamefanya waliloambiwa. Kama mtoto alikufa, basi swali lilipaswa kuelekezwa kwenye dawa aliyopewa, saa aliyoipata, na safari aliyosafiri. Laiti hesabu hiyo isingefanywa, mpaka leo tungekuwa tunapiga kampeni za kuwaelimisha watu ambao walikuwa wamekwisha elimika.

Tuiache Rufiji ya wakati ule, tuje katika zahanati ya leo, ambako hakuna mradi wala mhojaji, na tuone jinsi tarakimu inavyozaliwa.

Zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wawili au watatu, na siku nyingine mmoja yuko likizo na mwingine semina. Anayebaki ndiye anayepima, anayetibu, anayezalisha, anayetoa dawa na anayeandika. Kuna kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha waliojifungua, na vingine zaidi ya hivyo. Kitabu cha wajawazito kina safu nyingi kiasi kwamba mstari wa mama mmoja huvuka kurasa mbili zilizofunguliwa: umri, mimba ya ngapi, shinikizo la damu, wingi wa damu, vipimo vya maambukizi, dawa za kukinga malaria, chandarua, tarehe ya kurudi. Katika siku ya kliniki, benchi likiwa limejaa akina mama waliotoka nyumbani alfajiri, muuguzi huyo ana hiari moja kati ya mbili, kuwahudumia watu au kuujaza mstari. Aghalabu huwahudumia watu, na mstari huujaza jioni kwa kukumbuka. Mwisho wa mwezi hurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akichora vijiti vitano vitano katika karatasi ya kuhesabia, kisha hunakili jumla katika fomu ya taarifa.

Mwenye kukaa wilayani na kuzipokea fomu hizo, akiwa mtu makini, hujifunza kuzisoma kama vile mwalimu anavyosoma mwandiko wa wanafunzi wake. Akiona zahanati ambayo akina mama wote wa mwezi mzima wana shinikizo la damu la 120 kwa 80, hajui kwamba kijiji hicho kina afya ya ajabu. Hujua kwamba mashine ya kupimia imeharibika na hakuna aliyeleta habari. Akiona watoto wachanga wote wana uzito wa kilo 3 kamili, huuliza mizani. Akiona nafasi tupu mahali pa vifo, huuliza: je, hakuna aliyekufa, au hakuna aliyeandika? Maana nafasi tupu na sifuri si kitu kimoja, na wilaya nzima inaweza kudanganyika kwa kuvichanganya viwili hivi.

Tena kuna mitego ambayo hata fomu iliyojazwa kwa uaminifu wote huitega. Tuchukue malaria. Kwa miaka mingi mtu mwenye homa aliandikwa malaria, kwa kuwa zahanati haikuwa na darubini wala kipimo kingine. Vipimo vya haraka vya damu vilipoenezwa katika zahanati zetu, idadi ya malaria vitabuni ilishuka kwa ghafla mahali pengi. Mbu walikuwa wale wale. Kilichopungua hapo ni homa zilizokuwa zikibandikwa jina lisilo lao. Mchambuzi asiyeijua tarehe ya kufika kwa vipimo katika kila kituo angeweza kutangaza ushindi, na kiongozi wake angeubeba ushindi huo jukwaani. Kinyume chake pia hutokea: zahanati ikipata dawa na muuguzi mwenye lugha nzuri, wagonjwa huongezeka vitabuni, na asiyejua husema maradhi yamezidi.

Au tuchukue chanjo, ambayo ndiyo hesabu inayopendwa zaidi mikutanoni. Tuseme, kwa mfano tu, kata imekadiriwa kuwa na watoto 400 wa chini ya mwaka mmoja, na mwaka umekwisha watoto 436 wamechanjwa. Hiyo ni asilimia 109. Tumekwisha kusikia asilimia za namna hiyo zikipigiwa makofi. Lakini hakuna kata inayoweza kuchanja watoto zaidi ya wale iliyo nao. Ama akina mama wa kata jirani wanavuka mpaka kwa sababu zahanati ya huku iko karibu zaidi, ama kuna aliyeandika mara mbili, ama makadirio ya watoto hayakuwa sahihi. Hilo la mwisho ndilo la kawaida, kwa kuwa makadirio hutoka katika sensa, na sensa hufanywa mara moja kila miaka kumi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 61,741,120. Katika miaka yote iliyokuwa baina ya sensa hizo mbili, halmashauri iligawanya hesabu zake kwa idadi ya kukisia, na mahali kama Kibaha, Mkuranga au Chalinze, ambako watu wanahamia kila siku kutoka Dar es Salaam, makisio hayo yalizidi kuchakaa kila mwaka.

Mchambuzi mwerevu huiacha asilimia hiyo ikae kando na kuuliza swali ambalo halihitaji sensa. Watoto wangapi walipata sindano ya kwanza, na wangapi kati yao walirudi kwa ya tatu? Kama walianza 120 na kumaliza 90, basi mmoja katika kila wanne amepotea njiani, na hilo ni kweli hata kama hatujui kata ina watoto wangapi. Tena wale 30 wana majina katika kitabu namba 7. Inawezekana kutoka na kuwatafuta.

Sasa tufike kwenye jambo linalotusumbua zaidi, nalo ni hofu.

Tarakimu ikishafanywa kuwa kipimo cha mtumishi, hupata kishawishi cha kuikunja. Mkoa wetu una ujuzi wa jambo hili, maana hapa ndipo palipoanzishwa mwaka 2011 utaratibu wa kuwalipa watumishi wa afya nyongeza kwa kadiri ya matokeo. Haki ya utaratibu ule ni kwamba ulifanya vitabu vishughulikiwe kuliko wakati wowote uliotangulia, na ulijumuisha uhakiki, watu wa kwenda kufungua kitabu na kuilinganisha fomu na rejesta. Tatizo liko kule ambako tarakimu hutumika kumpandisha au kumshusha mtu bila ya mtu yeyote kwenda kukifungua kitabu. Hapo hutawala mtindo wa kutoa taarifa za kupendeza. Mganga Mfawidhi anayeandika kwamba amepungukiwa hupata barua ya kujieleza. Jirani yake anayeandika asilimia 98 kila mwezi hupata cheti. Miezi sita haipiti kabla yule wa kwanza hajajifunza.

Mfano mchungu kuliko yote ni kifo cha mama mzazi. Kwa mujibu wa utaratibu uliopo, kila kifo cha namna hiyo kinatakiwa kiripotiwe ndani ya saa 24, kisha kijadiliwe na kamati ili ijulikane ni wapi mambo yalikwama: nyumbani, njiani au kituoni. Mwongozo wenyewe unasisitiza kwamba majadiliano si ya kumtafuta wa kulaumiwa. Nani asiyejua jinsi yanavyokwenda pale kiongozi anapowasili na wapiga picha na kumsimamisha kazi muuguzi wa zamu mbele ya umati? Umati hushangilia, na tunaelewa kwa nini, kwa sababu uchungu wa familia ni mkubwa. Lakini siku hiyo zahanati zote za wilaya zimejifunza kwamba kifo kikiandikwa ni balaa, na kwamba ni salama zaidi mgonjwa aliyezidiwa akate roho katika gari, njiani, ambako hahesabiwi na kituo chochote. Damu iliyokosekana itaendelea kukosekana, maana hakuna karatasi inayosema ilikosekana.

Tunajua kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulitoa habari njema sana, kwamba vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi ni 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuwa umetoa 556. Ni jambo la kufurahia. Ila ifahamike kwamba tarakimu hizo hupatikana kwa kuwauliza wanawake majumbani habari za ndugu zao wa kike, na huzungumza juu ya nchi nzima na miaka kadhaa kwa pamoja. Haziwezi kumwambia diwani kwamba mwezi uliopita, katika kata yake, mama alivuja damu kwa saa nne akingoja gari. Kazi hiyo ni ya rejesta, na rejesta ni ya mtu asiyeogopa.

Kipindupindu nacho kina historia ya namna hiyo tangu kilipotuingilia miaka ya 1970. Hutokea kikaitwa kuhara na kutapika mpaka makaburi yanapoanza kusema, kwa sababu mtu fulani hakupenda wilaya yake itajwe kabla ya ziara fulani. Mtakwimu anayeona wagonjwa watatu wa kuhara maji maji kutoka kisima kimoja, akaandika watatu na kupiga simu siku hiyo hiyo, ameokoa zaidi ya dripu mia. Akiambiwa asubiri, na akasubiri, hakuna tena takwimu itakayofaa ila ya kuhesabia marehemu.

Kwa upande wetu wananchi pia kuna deni. Vifo vya nyumbani bado haviandikwi inavyopasa. Mtu huzikwa kabla ya adhuhuri, dua husomwa, na ofisi ya Mtendaji wa Kijiji haipelekewi hata jina. Kwa vizazi tumepiga hatua, hasa tangu mwaka 2013, RITA ilipoanzia Mbeya mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Kwa vifo bado tunaendelea na desturi ya kuona kwamba jambo limekwisha kaburini. Mtendaji angeweza kuwa na daftari, na wahudumu wa afya wa jamii wangeweza kulipitia kila mwezi pamoja naye. Gharama yake ni kalamu. Wasiwasi wa baadhi ya watu kwamba siri zao zitaenezwa si wa kupuuzwa. Vitabu vya zahanati vina majina na maradhi ambayo mtu hakumwambia hata mkewe. Kinachopanda kwenda wilayani ni idadi, na majina yanapaswa kubaki kabatini, kabati likiwa na kufuli na ufunguo ukiwa kwa mtu anayejulikana. Anayekichungulia kitabu na kutoka na habari ya jirani amevunja amana, na achukuliwe hatua bila ya kuonewa haya.

Na wilaya nayo inaidai zahanati? Sisi tunaona zahanati ndiyo inayoidai wilaya. Muuguzi anayechora vijiti kila mwezi kwa miaka kumi, na hata siku moja asirudishiwe karatasi inayosema, "Tazama, katika kijiji chako nimonia imepanda tangu Mei, wenzako wa ng'ambo ya mto wamefanya hivi," ana haki ya kudhani kwamba hesabu zake huliwa na mchwa. Wapo waratibu wanaojitahidi kurudisha majibu kwa simu zao wenyewe na kwa vocha zao wenyewe. Fungu la kazi hiyo katika mpango kabambe wa afya wa halmashauri huwa dogo, na likija jambo la dharura ndilo la kwanza kukatwa. Gari la usimamizi likikosa mafuta, uhakiki wa vitabu huahirishwa. Chakula cha wageni hakiahirishwi.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya afya ya halmashauri hutayarishwa miezi mingi kabla ya hapo. Ndugu madiwani, ambao siku hizi mnaitwa waheshimiwa, mtaletewa kurasa nyingi katika kikao cha Kamati ya Huduma za Jamii, na muda utakuwa mfupi. Mwombeni Mganga Mkuu ukurasa mmoja tu wa ziada: upande wa kulia maradhi matano yaliyowaua watu wengi katika wilaya mwaka uliopita, upande wa kushoto fedha zilizopangwa kwa kila mojawapo. Kisha, katika kata yenu, nendeni zahanati siku isiyo ya mkutano, mkamwombe muuguzi awaonyeshe fomu ya mwezi uliopita na karatasi ya mwisho aliyoletewa kutoka wilayani yenye majibu ya hesabu zake. Kama hana, mwulizeni ni lini alipata kuiona.